Bado Hujafikia

Mwaka nilipobeba mimba ya mtoto wetu wa tatu, kliniki ya wajawazito pale Bariadi ilikuwa na utaratibu wake: mama aliyekuja na mume anahudumiwa kwanza. Basi wanawake wengine walikuwa wanakodi wanaume. Nilimwona mmoja kwa macho yangu amekuja na dereva wa bodaboda, wamekaa benchi moja hawatazamani, na nesi alipomuuliza yule bwana mimba ina miezi mingapi, akabaki anaitazama kofia yake ya pikipiki. Mimi sikukodi mtu. Mume wangu alikubali kunisindikiza kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, shamba halikanyagiki, na kwa sababu alikuwa na haja ya kununua ncha ya plau mjini.

Sisi ni watu wa Migato. Tunalima pamba na mahindi, na wakati ule tulikuwa na ng'ombe sita na tuliishi boma moja na mama yake mume wangu. Zahanati ilikuwepo karibu, lakini uzazi wa mtoto wa pili ulinisumbua sana, nikaambiwa mimba nyingine yoyote niipeleke hospitali kubwa. Ndiyo maana tulikuwa Bariadi siku ile, na ndiyo maana tulipimwa pamoja, tumekaa bega kwa bega mbele ya meza ya nesi.

Nesi alitusomea majibu bila kuzungukazunguka. Wote wawili tulikuwa na virusi vya UKIMWI.

Nakumbuka nilishika tumbo kwa mikono miwili kana kwamba kuna mtu anataka kuninyang'anya. Mume wangu aliuliza swali moja tu. Aliuliza maduka ya vifaa vya kilimo yanafungwa saa ngapi. Nesi akamjibu kwa upole kabisa kwamba yanafungwa jioni, na kwamba muda upo.

Nesi huyo alikuwa mama wa Kipare, amehamishiwa kwetu kutoka Same, mwenye sauti ndogo na hatua ndefu. Ndiye aliyekuwa nasi miaka yote iliyofuata. Mimi nilimwita sista, kama wote walivyomwita.

Mimi nilianzishwa dawa siku ileile, kwa ajili ya mtoto aliyekuwa tumboni. Kidonge kimoja kila jioni, maisha yangu yote. Mume wangu alitolewa damu mkononi, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili kuchukua majibu ya CD4, yaani hesabu ya askari wa mwili. Miaka ile dawa hazikuwa za kila aliyekutwa na virusi. Ilibidi askari wako wapungue mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye mwongozo wa serikali, ndipo uanzishwe. Askari wake yeye walikuwa mia saba na kitu.

"Bado hujafikia kuanza dawa," sista alimwambia. "Utakuwa unakuja kila baada ya miezi mitatu tukuangalie."

Akampa kadi yenye tarehe. Hakumpa kitu kingine, kwa sababu hakikuwepo cha kumpa. Mume wangu alitoka mle ndani anatembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Tulipofika nyumbani akaichomeka ile kadi kati ya bati na mbao ya paa, mahali ambapo mimi siwezi kufika bila kupanda kwenye kigoda. Siku chache baadaye, nikiwa nameza kidonge changu kwa uji, alinitazama akasema taratibu, kama mtu anayesema jambo la hali ya hewa: "Mwenye ugonjwa ni anayekunywa dawa."

Nimesamehe mengi katika ndoa yangu, lakini sentensi ile nilikaa nayo muda mrefu. Tulipimwa siku moja, kwenye chumba kimoja, kwa nesi mmoja. Sasa mimi nimekuwa mgonjwa na yeye amekuwa mzima, eti kwa sababu mimi nina kopo la vidonge na yeye hana.

Hata hivyo tarehe yake ya kwanza alikwenda. Ilikuwa wakati wa palizi. Aliondoka na basi la asubuhi, akarudi jua linazama, amechoka na amekasirika. Alinieleza kwamba aliwekwa nyuma ya watu wote waliokuja kuchukua dawa, kwa kuwa wao walikuwa na foleni ya dirisha la dawa na yeye hakuwa na la kuchukua. Saa nane mchana akaitwa, akapandishwa kwenye mizani, akaulizwa kama anakohoa, akaulizwa kama anatokwa jasho usiku, akaandikiwa tarehe nyingine. Basi.

"Nimepoteza siku nzima ya palizi," alisema, "ili nipimwe uzito kama robota la pamba."

Hakwenda tena. Tarehe ya pili ikapita, na ya tatu. Nilimkumbusha kwa upole, nikamkumbusha kwa ukali, nikanuna, nikapika vizuri, vyote havikusaidia. Akaanza kutoka nyumbani kila nilipotaja neno Bariadi. Wakati huo nilikuwa nimeshajifungua mtoto wa kike, mwenye afya, na kipimo chake cha kwanza kilionyesha hana virusi. Wale kaka zake wawili nao walikuwa wamepimwa na wako salama. Nilitakiwa nifurahi, na nilifurahi, ila kila mwezi nilipokwenda kuchukua dawa zangu sista aliniuliza: "Mwenzio yuko wapi?" Nami nilidanganya. Mara yuko mnadani, mara ng'ombe mgonjwa, mara kuna msiba Shishiyu kwa dada yake. Shishiyu walikufa watu wengi sana mwaka ule, kwa hesabu ya mdomo wangu.

Siku moja nilichoka kudanganya, nikamwambia ukweli wote, mpaka lile neno la robota la pamba. Nilidhani atakasirika. Alifunga faili lililokuwa mbele yake, akanionyesha kabati la nyuma lililojaa mafaili. Alisema wale walioanza dawa wanarudi, kwa sababu dawa zikiisha wanajua zimeisha. Wanaopotea ni hawa wanaoambiwa wasubiri. Wanaondoka wazima, na wengi anawaona tena wakiwa wamebebwa.

Kisha akaniuliza swali ambalo nililitafuna njia nzima ya kurudi. "Hebu niambie, mdogo wangu. Mume wako akija hapa, anaondoka na nini?"

Kwenye basi nilijaribu kujiweka katika nafasi yake. Mtu mwenye nguvu, anayelima tangu alfajiri, haumwi hata kidole, anaambiwa aache kazi aende kusikiliza kwamba haumwi. Hata mimi nisingekwenda.

Jibu nililipata wiki ile ile, na sikulipata kwa akili zangu. Nililikuta shambani.

Pamba ilikuwa imeanza kuweka vitumba. Nilimpelekea mume wangu maji na michembe ya viazi vitamu, nikamkuta katikati ya shamba ameinama, anafunua majani ya mche mmoja, anahamia mwingine, midomo inacheza. Alikuwa anahesabu funza. Mabwana shamba walikuwa wamewafundisha wakulima kutopiga dawa ovyo: unaingia shambani kila wiki, unakagua miche kadhaa, unahesabu, na funza wakifikia idadi fulani ndipo unapiga. Mume wangu alilishika somo lile kuliko wote kijijini. Majirani walikuja kumuuliza yeye.

Nilisimama na kidumu changu cha maji mkononi. Nikamuuliza kama amewakuta.

"Wapo," alisema. "Wachache."

"Sasa mbona hupigi dawa?"

"Bado hawajafikia."

Aliposema hivyo mimi mwenyewe nilisisimka. Sikuwa nimepanga. Nikamuuliza tena, "Kama hawajafikia, umekuja kufanya nini huku juani?"

"Nisipokuja nitajuaje wamefikia?" alijibu, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto. Alinitazama, akatazama jani aliloshika, na nikaona shingo yake imekakamaa.

"Na wewe hujafikia, baba," nilimwambia. "Sista hakukwambia nenda. Alikwambia njoo tuhesabu."

Alichukua maji, akanywa, akarudi kwenye miche yake. Mimi nikarudi nyumbani, nikijua kwamba nikiongeza neno moja tu nitaharibu. Wiki mbili zikapita hatukuzungumza jambo lile. Asubuhi ya Alhamisi ya tarehe yangu ya kliniki, niliamka nikamkuta ameshavaa shati lake la kanisani, amekaa kwenye kigoda, kadi imo mfukoni, na vumbi la paa liko begani mwake.

Pale kliniki aliomba kitu ambacho sista alisema hajawahi kuombwa na mgonjwa. Aliomba aandikiwe namba zake. Si kwenye faili la hospitali peke yake, bali nyuma ya kadi yake mwenyewe, azione na azibebe. Sista alimwandikia ile ya kwanza, akatolewa damu, na majibu yalipokuja akaandikiwa ya pili. Zilikuwa zimeshuka. Si sana, lakini zimeshuka. Mume wangu alizitazama zile namba mbili kwa muda mrefu, na tangu siku hiyo hakukosa tarehe hata moja. Tena alikuja kila mwezi pamoja nami hata kama mwezi huo haukuwa wake.

Na kwa kuwa alikuwa pale kila mwezi, akaanza kusema. Alimwambia sista waziwazi kwamba utaratibu wao unafukuza watu. "Mnatuweka nyuma kwa sababu hatuna dawa za kuchukua," alisema. "Tunashinda na njaa, tunapimwa uzito, tunaondoka mikono mitupu. Mtu mzima atavumilia hivyo mara ngapi?" Sista hakujitetea. Alilipeleka neno lile kwa wakubwa wake, na sijui alilisemaje, lakini baada ya miezi miwili tukaambiwa kwamba wanaosubiri wataonwa Alhamisi, asubuhi na mapema, kabla ya foleni ya dawa. Unafika, unaitwa, unaonyeshwa namba yako, unaulizwa hali, unaondoka. Saa nne mume wangu alikuwa stendi anakula mihogo.

Ndipo akaanza kuwatafuta wengine.

Yule ninayemkumbuka zaidi ni mwalimu wa shule ya msingi, kijana aliyetoka Tanga, Mwislamu, amepangiwa kufundisha upande wetu. Tulikuwa tumemwona benchi mara moja, amejifunika uso kwa gazeti, kisha hatukumwona tena. Mume wangu alimuuliza sista kama anaweza kumfuata. Sista alisema yeye hawezi kumtaja mtu, na hajamtaja. Ila kama sisi tunamfahamu kijana mmoja kwa macho yetu wenyewe na tunataka kumjulia hali, hilo ni la majirani.

Mume wangu alimpelekea mwalimu debe la viazi. Hakutaja ugonjwa, hakutaja hospitali kubwa. Alimsalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, na mwalimu akaitikia kwa lafudhi yake ya pwani, wakacheka. Wakati wa kuaga ndipo alipomwambia, "Mwalimu, Alhamisi ya mwisho wa mwezi huwa napanda basi la asubuhi kwenda Bariadi. Nitakushikia siti."

Alhamisi ilipofika mume wangu aliweka kofia yake kwenye kiti cha pembeni, na kila aliyeuliza akaambiwa kina mtu. Tulipita njia panda ya shuleni, hapakuwa na mtu. Kiti kikaenda kitupu mpaka Bariadi, na kondakta akalalamika njia nzima. Mwezi wa pili hivyo hivyo. Nilimwambia mume wangu tuache, tusimtie yule kijana aibu. Alisema hajamwita, amemshikia siti tu.

Mwezi wa tatu basi lilipokaribia njia panda tulimwona amesimama na mkoba wa daftari, kama anakwenda kwenye semina. Alipanda, akaiondoa kofia, akakaa. Tulifika Bariadi hatujazungumza lolote zaidi ya mvua. Siku nyingi baadaye alimweleza mume wangu kwamba alichokuwa anaogopa si ugonjwa, ni kuonekana na wazazi wa wanafunzi wake. Na kilichomtoa ndani ni kujua kwamba kuna mtu amekwisha kumwona, na mtu huyo hakufanya lolote isipokuwa kumwekea nafasi.

Baada ya mwalimu walikuja wengine, mmoja mmoja, mpaka kondakta akazoea kutuita watu wa Alhamisi bila kujua maana yake.

Hayo yote mama mkwe wangu hakuyajua. Tulimficha, na mimi ndiye niliyetaka afichwe. Vidonge vyangu vilikaa kwenye kopo la chumvi, na alipowahi kuniona nameza alidhani ni vya uzazi wa mpango, akanung'unika kwamba ninawakataa wajukuu. Niliona heri manung'uniko hayo. Lakini kijiji ni kijiji. Kuna aliyekuwa na ndugu aliyelazwa pale hospitali, akaniona nimesimama kwenye mlango fulani, akayaleta.

Ilikuwa wakati wa mavuno. Tulikuwa watatu tumekaa uani tunachambua pamba, safi huku, chafu huku. Mama mkwe alisema bila kuinua macho kwamba amesikia ni dawa gani zile. Hakunisemesha mimi. Alimsemesha mwanawe, kwa Kisukuma, na alisema maneno mengi ambayo nitayafupisha: kwamba yeye bado ni kijana, ng'ombe wapo, na hakuna sababu ya mwanamume mzima kuzikwa pamoja na mke mgonjwa. Achukue mwingine.

Mikono yangu iliendelea kuchambua. Sikuwa naona pamba. Nilikuwa nasubiri kusikia ile sentensi ya zamani, kwamba mwenye ugonjwa ni anayekunywa dawa.

Mume wangu aliweka chini pamba aliyoshika. "Mayu," alisema, "tulipimwa siku moja. Na mimi ninavyo."

Mama mkwe aliinua uso. Alimtazama mwanawe kuanzia kichwani, mabega yake, mikono yake, kana kwamba anatafuta mahali kilipokaa kitu hicho. "Mbona wewe hunywi dawa?"

"Askari wangu bado wapo. Nahesabiwa kila mara. Wakipungua nitakunywa kama yeye." Kisha akaongeza, "Yeye ndiye aliyenirudisha kuhesabiwa. Usimseme tena."

Tulichambua pamba mpaka ikaisha. Yule mama aliingia ndani kwake, akalala mapema. Nilijua kwamba jambo limetokea ambalo haliwezi kurudi nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya majibu nililala usingizi wa mtu asiye na deni na dunia.

Wiki tatu zilipita tukiishi kwa adabu nyingi, kama wageni. Halafu asubuhi moja mama mkwe aligonga dirisha letu kabla jogoo hajamaliza. Aliuliza, "Leo si Alhamisi? Basi litawaacha." Alikuwa ameshatuchemshia uji. Kuanzia hapo hapakuwa na kadi ya tarehe iliyotushinda, kwa sababu tulikuwa na yeye. Kusoma hakujua, lakini alihesabu siku kwa mafundo kwenye uzi, na hakuwahi kukosea.

Namba za mume wangu ziliendelea kushuka polepole. Mia sita na kitu, kisha mia tano na sitini. Kikaja kipindi mwongozo ukabadilishwa, kiwango kikapandishwa mpaka mia tano, na siku hiyo yeye alikuwa na mia tano na kumi na mbili. Alikasirika kweli. Yule yule aliyechomeka kadi kwenye paa sasa alikuwa anabishana na sista kwamba kumi na mbili ni kitu gani, hata kwenye pamba hatuhesabu hivyo. Sista alicheka mpaka akavua miwani. Alimwambia katika miaka yake ya kazi amewabembeleza wengi wakubali dawa, lakini wa kumbembeleza yeye ampe hajawahi kumpata.

Mtoto wetu alipofikisha mwaka na nusu alipimwa kipimo cha mwisho. Hana. Mama mkwe alichinja jogoo.

Na ndipo, si muda mrefu baadaye, sista alinipigia simu. Yeye si mtu wa kupiga simu. Aliniambia kwamba maelekezo mapya yamefika: hakuna tena kusubiri kushuka, kila mwenye virusi anaanza dawa, hata akiwa na askari elfu. Akaniuliza, "Watu wako wa Alhamisi unaweza kuwaleta?"

Hatukungoja mwisho wa mwezi. Mume wangu alizunguka kwa baiskeli siku mbili. Alhamisi ile basi letu la asubuhi lilijaa, kondakta akauliza kuna harusi gani Bariadi. Mwalimu alikuwa amemwomba mkuu wake ruhusa, na safari hii hakubeba mkoba wa daftari. Sista alikuwa ametoa mafaili yote ya upande wetu yaliyoandikwa kusubiri, ameyapanga mezani. Alichukua moja baada ya jingine, akaita, na kila alipoita mtu aliinuka. Alifika la mwisho. Aliliweka chini, akayatazama yale mafaili, akatutazama sisi. Hapakuwa na faili hata moja la upande wetu lililoitwa na benchi likanyamaza. Alisema, "Sijapata kuliona hili," kisha akageuka kutazama dirishani kwa muda, nasi tukamwacha atazame.

Mume wangu aliambiwa kidonge hicho ni cha jioni, huleta kizunguzungu kidogo na ndoto siku za mwanzo. Jioni ile tulikaa uani, mama mkwe akamletea maji kwenye kikombe cha bati, mimi nikatoa changu. Tulimeza pamoja. Watoto walikuwa wanakimbizana na ndama. Aliniambia kesho yake kwamba ameota anaendesha lile basi.

Sasa binti yetu yuko darasa la tano. Kipimo cha wingi wa virusi cha mume wangu kinasoma havionekani, na changu hivyo hivyo, mwaka hadi mwaka. Mwalimu alihamishiwa Kiloleli, ameoa, ana watoto wawili, wote wazima, na sikukuu hututumia salamu. Sista alistaafu akarudi Same.

Mimi ni mhudumu wa kujitolea kwenye zahanati yetu. Siku hizi mtu akipimwa anaweza kuanza dawa siku ileile, na wengine hudhani kazi ya kuwashikilia watu imekwisha. Haijaisha. Mwaka jana alipimwa dada mmoja msusi, mgeni hapa kijijini. Alikataa dawa. Hakugombana, alisema tu hayuko tayari, akaondoka. Nesi wetu, kijana mzuri, alitaka nimwendee nimweleze hatari zake. Nilimwambia hatari anazijua. Nikaenda nikasukwa.

Nilisukwa mara nne katika mwezi mmoja, mimi mwenye nywele fupi za kipilipili. Tulizungumza wateja wake, bei ya rasta, mama yake aliyemwacha Maswa. Kila mara nilimwambia siku nitakazokuwa zahanati, basi. Mara ya nne, mkono wake ukiwa kichwani pangu, aliuliza kwa sauti ya chini, "Mama, ukizimeza, mtu akikutazama anajua?"

"Wewe umenitazama mwezi mzima," nilimjibu. "Ulijua?"

Mkono ulisimama. Kisha ukaendelea na mstari, taratibu, mpaka mwisho. Jumatatu alikuja zahanati, akaketi ndani na nesi karibu saa nzima, akatoka na kopo lake kwenye mkoba, akasema ana wateja wawili wanamsubiri. Mimi nikarudi nyumbani na mistari yangu kichwani. Mama mkwe, ambaye sasa haoni vizuri, alinipapasa kichwa kwa vidole, akasema nimependeza.